Kukisoma Kilima cha Gituro

Wapo wazee Masisi, mashariki mwa Kongo, waliozaliwa kabla ya kilima cha Gituro. Kwa kawaida kilima ndicho hutangulia: mtu huzaliwa, huchunga ng'ombe, huoa na kuzikwa chini ya kilima kilekile alichokikuta. Gituro hakikukutwa na mtu. Machi 1948, katika uwanda wa mawe meusi ulio kaskazini mwa Ziwa Kivu, upande wa Sake ambako ndiko mlango wa kuingilia Masisi, ardhi ilipasuka, moto ukaruka, na palipokuwa mwitu pakasimama kilima. Kingine, Muhuboli, kilizaliwa katika mlipuko huohuo, na lava iliyotoka huko iliteremka hadi ikaingia ziwani.

Vilima vya namna hii ni vingi katika eneo hilo hata watu wameacha kuvishangaa. Mama yao ni Nyamulagira, volkano pana yenye kimo cha mita 3,058, iliyokwisha kulipuka zaidi ya mara 40 tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mara nyingi hailipukii kileleni. Mwamba ulioyeyuka hutafuta njia ya ubavuni, hufungua ufa kilomita kadhaa kutoka kileleni, hujenga kilima mahali hapo, kisha njia yenyewe huganda na kuzibika. Safari nyingine huchagua pengine. Kwa hiyo kila kilima ni kazi ya mlipuko mmoja tu, nayo milipuko imeacha majina: Rumoka 1912, Gituro na Muhuboli 1948, Mihaga 1954, Kitsimbanyi 1958, Rugarama 1971, Murara 1976, Gasenyi 1980, Rugarambiro 1981.

Sikusudii kuusifu moto. Moto una wasifiaji wake wa kutosha. Novemba 2011, Nyamulagira ilipofungua ufa mpya, Hifadhi ya Taifa ya Virunga iliwapandisha hata watalii wakalale karibu na kuutazama usiku. Nataka kusifu kazi inayoanza moto ukishazimika. Mtu anafika kwenye rundo la mawe yaliyopoa, hakuna moshi, hakuna shahidi, na baada ya kuzunguka, kupima, kukwangua na kukaa kimya kwa muda mrefu anaweza kukwambia rundo lile lilijengwa vipi, lilianza wapi, upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande gani, na lava ilipata mwanya wa kutokea saa gani ya ujenzi. Ni ufundi usio na mbwembwe, na labda ndiyo sababu hauna washabiki.

Anayekisoma kilima hana budi kwanza kukijenga upya kichwani. Ufa ukifunguka, moto hutoka kwa urefu wake wote, pazia la cheche lenye mita mia kadhaa, pengine kilomita nzima. Hali hiyo haidumu. Sehemu nyembamba za ufa hupoa na kuziba, mwamba ulioyeyuka hujikusanya kwenye tundu moja au mawili, na hapo ndipo ujenzi hasa huanza. Gesi iliyokuwa imefichama ndani ya mwamba hutanuka inapokaribia juu, huuchana vipande vipande na kuvirusha. Vipande hupoa vikiwa hewani na kuanguka vikiwa na povu lililogandia ndani yake. Hiyo ndiyo skoria: jiwe jeusi lililojaa vitundu, jepesi mkononi kuliko macho yalivyotarajia.

Vipande vikubwa huanguka karibu, vidogo huchukuliwa mbali. Rundo hupanda, na mteremko wake huongezeka ukali mpaka punje zishindwe kukaa, zibingirike na kutulia chini. Pembe ya kutulia ni nyuzi 30 hadi 35, iwe Kivu, iwe Sicilia, iwe Meksiko, kwa sababu inatokana na namna mawe yenye kingo kali yanavyoshikana, wala si desturi ya nchi. Kazi huenda haraka. Karibu nusu ya vilima vya aina hii vilivyochunguzwa duniani vilimaliza kujengwa ndani ya mwezi mmoja. Parícutin wa Meksiko, uliochipuka katika shamba la mahindi Februari 1943, uliendelea kwa miaka 9 na kufikia mita 424 juu ya shamba, lakini huo ni mmoja wa wachache wenye maisha marefu.

Gituro kilibahatika kuonwa kikijengwa na mtu aliyejua kutazama. Haroun Tazieff, mzaliwa wa Warsaw mwaka 1914, aliyesomea kilimo kabla ya kusomea jiolojia, alikuwa akifanya kazi ya jiolojia katika Kongo ya Wabelgiji. Alikwenda Gituro na kupanda hadi ukingo wa kasoko huku kilima kikiendelea kurusha mawe. Safari hiyo ilimfanya kuwa mtu wa volkano hadi kifo chake mwaka 1998, na aliisimulia katika kitabu chake Cratères en feu cha mwaka 1951. Wengi humkumbuka kwa ujasiri, na kusema kweli alipenda kuonekana. Mimi navutiwa zaidi na kanuni ambayo watu wa volkano bado wanafundishana: mawe yakirushwa, usikimbie wala usigeuze mgongo. Inua uso, fuata jiwe mojamoja. Likionekana linakwenda kushoto au kulia, liache lipite. Likionekana limesimama palepale angani huku likizidi kuwa kubwa, hilo linakujia wewe. Piga hatua pembeni, nayo iwe ya mwisho wa dakika, kwa maana ukiipiga mapema utajipeleka chini ya jingine. (Safari za wazungu wa zama hizo zilikwenda mabegani mwa wapagazi. Nao waliona waliyoyaona, ila hakuna mchapishaji aliyewafuata.)

Mawe yakishatulia, msomaji anaanza na umbo. Kilima kipya cha skoria huwa na kimo cha kiasi cha sehemu moja ya tano au ya sita ya upana wa kitako chake. Kadiri miaka inavyopita mchanga huteremka, kitako hutanda, kichwa hushuka, na uwiano huo hupungua. Kwa kipima-pembe na kamba, au siku hizi kwa picha ya setilaiti, vilima vinaweza kupangwa kwa umri kabla ya kupeleka hata jiwe moja maabara. Lakini kipimo hiki kina hila zake. Skoria hunywa mvua. Kivu hunyesha sana, na bado katika uwanda wa lava kati ya mji wa Goma na Sake hutakuta mto. Maji yote huzama, na watu hubeba madumu kutoka ziwani. Kwa hiyo kilima kipya hakichimbwi na mifereji upesi. Ni mpaka punje za juu zioze ziwe udongo wa kuzuia maji ndipo mvua ianze kutiririka na kukikata. Asiyejua hili atakidhania kilima cha karne kadhaa kuwa cha jana.

Baada ya umbo, ukingo. Mdomo wa kasoko ni nadra kuwa sawa pande zote. Upepo ukivuma wakati wa ujenzi, upande unaopokea majivu huinuka kuliko mwenzake. Kivu upepo wa juu hutoka zaidi mashariki, basi ukingo wa magharibi ukizidi kimo, msomaji hastaajabu; ukingo wa mashariki ukizidi, anakaa chini na kuanza kuuliza maswali. Upepo huohuo ndio unaoifanya Masisi ilipie milipuko ambayo haikutokea kwake. Majivu huangukia malisho, na pamoja nayo nyuzi nyembamba za kioo ambazo hufumwa na upepo kutoka kwenye matone ya lava. Ng'ombe huzila na majani. Mfugaji wa milima ya Masisi, ambako jibini hutengenezwa na kuteremshwa Goma, hupima ukubwa wa mlipuko kwa ng'ombe aliyekataa kula.

Halafu kuna pengo. Vilima vingi havina duara kamili. Upande mmoja umebomoka. Lava iliyokwisha kupoteza gesi ni nzito, haina nguvu ya kuruka, basi hutafuta njia chini, kwenye kitako. Ikipata njia hubeba ukuta mzima juu ya mgongo wake na kwenda nao. Hapo ndipo mgeni anapokosea: katikati ya uwanda wa lava, mbali na kasoko yoyote, anakuta kichuguu chekundu cha skoria na kukihesabu kuwa kilima cha kujitegemea. Msomaji mzuri hutazama matabaka. Kichuguu ambacho matabaka yake yameinama upande mmoja tu, hayazunguki tundu lolote, ni kipande cha ukuta kilichosafiri. Ukijua kilipotoka, umejua kwamba kilima kilikuwa kimekwisha kusimama lava ilipokivunja, na hivyo umepata mpangilio wa matukio ambayo hakuna aliyeyaandika.

Rangi nayo ina mtego. Nje kilima ni cheusi, ndani ni chekundu, na wengi hudhani ni mawe ya aina mbili. Ni jiwe lilelile. Karibu na tundu, vipande huanguka vikiwa bado vya moto, mvuke na hewa vikapita kati yake, na chuma kilicho ndani ya mwamba kikashika kutu. Wekundu unakwambia uko karibu na mdomo. Vilevile ugumu: karibu na tundu vipande vilianguka vikiwa laini vikashikana; mbali vilifika vimekwisha kuwa vigumu, vikadunda na kubaki huru.

Hili la ugumu wanalijua vizuri watu ambao hawakusoma jiolojia darasani. Kwenye machimbo ya skoria ya pembezoni mwa Goma, mchimbaji hasumbuki na ukuta mwekundu kwanza. Hufuata tabaka jeusi lililo huru, ambalo koleo linaingia bila nyundo, na kurusha kwenye chekecheke ya waya iliyoegemezwa kwenye mti. Kubwa huviringika mbele, ndogo hupenya nyuma, na kila rundo lina mnunuzi wake: hili la kusawazisha kiwanja, lile la kuchanganya kwa matofali. Anajua pia kwamba tabaka jeusi likichimbwa sana chini ya jekundu, jekundu hubaki limening'inia na siku moja hushuka. Mchimbaji mzoefu hukata ukuta kwa ngazi. Na ukuta huo uliokatwa ndio zawadi kubwa kwa mwanajiolojia, ambaye asingepata kulipasua tumbo la kilima kwa fedha za utafiti wake. Wawili hawa wanasoma tabaka moja kwa ajili ya mambo mawili, na sioni sababu ya kumwita mmoja mtaalamu na mwingine kibarua.

Tukaribie zaidi. Miongoni mwa vipande vidogo yamo makubwa ambayo wanajiolojia huyaita mabomu. Lenye ncha mbili na tumbo nene lilizunguka angani likiwa laini. Lililotandazika ardhini kama kinyesi cha ng'ombe lilifika likiwa bado majimaji, na Masisi hakuna mtoto anayehitaji kuelezwa umbo hilo. Lenye nyufa juu yake liliganda ngozi kwanza, kisha gesi ya ndani ikalipasua. Kwa hiyo msomaji huhesabu aina, hupima kumi makubwa kuliko yote mahali aliposimama, hupiga hatua kadhaa na kupima tena. Kazi hii inachosha. Upepo unapuliza vumbi la kioo machoni, kila hatua mbili za kupanda unarudishwa moja, viatu vinaliwa na makali ya mawe. Lakini kutokana na namna mabomu yanavyopungua ukubwa kadiri unavyoondoka tunduni, anaweza kukadiria yalitoka kwa kasi gani.

Chini ya kioo cha kukuzia, kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kina mengine. Kuta za vitundu ni kioo cheusi chenye mng'ao wa rangi ya shaba. Kitundu cha duara kinasema gesi ilitanuka bila kusukumwa. Kilichovutwa kinasema mwamba ulikuwa ukitiririka ulipoganda. Fuwele za olivini za kijani zilizo na kingo safi zilikua kwa utulivu chini ya ardhi kabla ya safari. Zenye kingo zilizoliwa zilikutana na mwamba wa moto zaidi zikaanza kuyeyuka. Nimependa sana kwamba jambo kubwa hivyo, mwamba mpya kuingia chini ya volkano, hujulikana kwa ukingo wa fuwele uliolika.

Ukiwa juu ya vilima hivi, geuka magharibi. Nyuma ya Sake ardhi inapanda ghafla; ndio ukuta wa Bonde la Ufa, na barabara huuparamia kuelekea Mushaki, kisha Masisi, kisha Walikale. Huko lava inakwisha. Mawe yanayofuata ni ya kale mno, na granaiti zilizoleta bati katika ukanda huu wa Kivu, bati linalochimbwa Bisie huko Walikale, zina umri wa takriban miaka bilioni moja. Mchimbaji wa Walikale aliyekimbia vita na kuja kupiga hema Mugunga, kati ya Goma na Sake, alitoka kwenye mwamba wa miaka bilioni moja na kuja kulala juu ya mwamba ambao kigingi cha hema hakiingii. Mipaka ya dunia hizi mbili haiko mbali kama ramani ya siasa inavyoonyesha. Mwamba ulioyeyuka hupita ndani ya ule wa kale ukipanda, na vilima vya skoria mara nyingine huwa na mabomu ambayo, yakivunjwa, hutoa katikati yake kipande cheupe cha mwamba wa chini kilichonyofolewa njiani.

Lava nayo imeibadili Masisi ambayo haikuichoma. Maziwa ya Mokoto, upande wa Bashali, yalitokea mabonde yalipozibwa na lava na mito ikakosa pa kwenda. Mlipuko wa 1938 hadi 1940 uliifikisha lava ya Nyamulagira katika ghuba ya Sake, na sasa ghuba hiyo ya Kabuno imeungana na ziwa kubwa kwa mlango mwembamba wenye kina cha mita 10 tu.

Kuweka yote haya kwenye ramani kulihitaji subira ya aina nyingine. Ramani ya volkano za Virunga ya Thonnard na Denaeyer ya mwaka 1965 ilichorwa na watu waliotembea juu ya lava, na aliyewahi kutembea juu ya lava ya Nyamulagira anajua kwamba kilomita moja huko si sawa na kilomita moja ya mahali pengine. Mwaka 2010 Benoît Smets na wenzake walitoa ramani mpya ya lava hiyo kwa kutumia picha za setilaiti, kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga njia nyingi. Rangi iliwasaidia. Lava mpya ni nyeusi. Baada ya miaka michache huja kuvu-mwani wa kijivu, Stereocaulon vesuvianum, ambao huifunika hadi ikaonekana nyeupe kwa mbali; kisha majani ya jamii ya kangaga, kisha vichaka, kisha msitu. Kwa hiyo mtu aliyeketi mbele ya kompyuta aliweza kutenganisha lava za miaka tofauti kwa kufuata mahali kijivu kinapokomea. Hata hivyo, picha haikuonyeshi fuwele iliyolika. Kuna siku ya kupanda tu.

Na anayepanda ana adabu zake. Katika mashimo ya uwanda wa Sake hujikusanya gesi ya kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, isiyo na rangi, ambayo wenyeji huiita mazuku. Huua mbuzi, ndege, na watu. Mtafiti aliyefundwa haketi bondeni asubuhi kabla upepo haujaamka, na akiona mjusi amekufa kwenye majani mabichi, hageuki kumtazama mara ya pili.

Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma hakisomi vilima kwa kupenda mambo ya zamani; kinataka kujua ufa mwingine waweza kufunguka wapi. Rumoka wa 1912 ulifunguka mbali sana na kilele cha Nyamulagira, karibu na ghuba ya Kabuno, mahali ambapo leo pana makazi. Ufa ukifunguka karibu zaidi na ziwa, hadithi inabadilika: mwamba ulioyeyuka ukikutana na maji hulipuka kwa ukali mwingine, husagika kuwa majivu laini, na kilima kinachobaki huwa kipana, cha kijivu, chenye kasoko kubwa. Mlima Goma, ulio ndani ya mji wenyewe ufukoni, ni wa aina hiyo, na mwaka 2016 watafiti walitoa ushahidi kwamba milipuko ya namna hiyo imetokea kando ya ziwa hapo katika kipindi cha miaka 10,000 hivi iliyopita.

Majivu ya milipuko hiyo hayaonekani juu ya ardhi. Yamefunikwa na lava na nyumba. Mtu anayeyatafuta hupita nyuma ya nyumba za watu, penye msingi uliochimbwa au shimo la choo ambalo halijafunikwa, akikwangua ukuta kwa kisu cha mwashi hadi tabaka la kijivu lijitokeze. Mwenye nyumba humuuliza kama ni dhahabu. Yeye husugua majivu kati ya vidole, akipata punje laini kama unga anaweka kidogo kwenye mfuko, anaandika unene kwa sentimita, anashukuru, anaomba ruhusa kwa jirani.